Dakta Louis Leakey na Majina ya Oldupai

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani, akaniachia nimchague mwenyewe. Nimemchagua Dakta Louis Leakey, yule wa Oldupai. Sababu yangu ya kwanza ni ujirani. Kutoka hapa Mutuka ukishika barabara ya Arusha hadi Makuyuni, ukakata kushoto kwenda Mto wa Mbu na Karatu, ukapanda Ngorongoro na kuteremka upande wa pili, umefika. Sababu ya pili ni kwamba vitabu vingi vya shule humtaja kwa mstari mmoja tu, ya kuwa aligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na mstari huo una dosari, maana fuvu lile hakuliona yeye kwanza. Alilolifanya yeye ni kulipa jina. Na habari za majina ya viumbe vya kale, nani huyatoa, nani huyapata na nani husahauliwa, ni habari ambayo mtumishi wa serikali aliyekaa miaka mingi masijala hawezi kuipita hivi hivi.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake walikuwa Waingereza, wamisionari wa Kianglikana. Wenzake wa kucheza walikuwa watoto wa Kikuyu, akakijua Kikikuyu kama alivyokijua Kiingereza, na alipofika umri wa miaka 13 akaingizwa katika rika la vijana pamoja na wenzake hao. Jina alilopewa ni Wakuruigi, yaani mwana wa kipanga. Basi huyu bwana ambaye baadaye angetoa majina mengi kwa mifupa, mwenyewe alitembea na jina la ndege alilopewa na wanakijiji.

Na ndege aliwapenda kweli. Tamaa yake ya utotoni ilikuwa kuwa mtaalamu wa ndege, na aliyemtia moyo katika elimu hiyo ni Arthur Loveridge, mtunzaji wa kwanza wa makumbusho ya Nairobi. Lakini siku moja ya Krismasi aliletewa kitabu cha watoto kinachosimulia maisha ya watu wa Zama za Mawe, akaanza kuokota vipande vyeusi vya mawe ya kioo vilivyotapakaa mashambani Kabete. Nyumbani walimcheka. Akampelekea Loveridge, naye akamwambia kwamba baadhi ya vile vipande vilikuwa zana za watu wa kale kweli. Tangu hapo ndege walipata mshindani.

Mwaka 1919 alipelekwa Uingereza kusoma, na mwaka 1922 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Kanuni za chuo zilimtaka mwanafunzi wa fani yake awe na lugha mbili za kisasa. Leakey akataja Kifaransa, kisha akataja Kikikuyu. Chuo kilipotaka ushahidi kwamba anaijua lugha hiyo, alileta hati ya chifu mmoja wa Kikuyu iliyotiwa alama ya kidole gumba. Wakubwa wa Cambridge hawakupata kifungu cha kuikataa. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo cha kwanza kinachotuonyesha Leakey alivyokuwa: kanuni aliziheshimu pale zilipomfaa, na zilipomzuia alitafuta mlango wa nyuma.

Mwaka 1923 alipigwa teke kichwani akicheza raga, akapata maumivu makali, na daktari akamwagiza aache masomo kwa muda. Mapumziko hayo ndiyo yaliyomleta Tanganyika. Makumbusho ya Uingereza yalikuwa yakituma watu Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, kuchimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, nao walihitaji kijana ajuaye Kiswahili na maisha ya Afrika. Leakey akaenda mwaka 1924 chini ya William Cutler, fundi wa uchimbaji kutoka Kanada. Alikaa miezi kadhaa, akajifunza kufunga mfupa uliogeuka jiwe kwa plasta usivunjike njiani, kisha akarudi masomoni. Cutler alibaki akafa kwa malaria huko Lindi mwaka 1925.

Hapa nasimama kidogo, maana Tendaguru inatupa kipimo cha mambo yatakayofuata. Kabla ya Waingereza, Wajerumani walichimba pale kuanzia mwaka 1909 hadi 1913. Mamia ya watu wa Lindi walifanya kazi ile, na mifupa ilibebwa vichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandarini. Msimamizi mkuu wa wachimbaji hao alikuwa Boheti bin Amrani. Wataalamu wa Berlin walipokuja kutoa majina, mjusi mmoja aliitwa kwa jina la Jenerali Lettow-Vorbeck, ambaye kwa mifupa ile hakuinua hata jembe. Boheti hakupata kitu. Alipata mwaka 2007, karibu miaka mia moja baadaye, pale mjusi mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, jina linalowakumbuka Wamwera wenyewe pamoja na Mohammadi Keranje, msimamizi mwingine wa machimbo yale.

Leakey alihitimu Cambridge mwaka 1926 kwa daraja la kwanza, akarudi Kenya na kuanza safari zake mwenyewe za kuchimba katika Bonde la Ufa. Wakati huo wanasayansi wengi wa Ulaya waliamini kwamba asili ya binadamu ni Asia. Yeye alishikilia kwamba ni Afrika, kama Charles Darwin alivyokuwa amekisia, na wapo waliomwonya kwamba anapoteza ujana wake.

Bonde la Oldupai alilisikia kutoka kwa Mjerumani aitwaye Hans Reck. Wazungu wa kwanza waliolifahamu walimfuata Dakta Wilhelm Kattwinkel, aliyefika hapo mwaka 1911. Wamaasai hulitaja kwa mkonge wa porini uotao pale, oldupai. Kattwinkel alisikia vingine, Wajerumani wakaandika Oldoway, Waingereza wakaja na Olduvai, na kosa la masikio likaingia kwenye ramani. Reck, ambaye alipata kuchimba Tendaguru pia, alifika Oldupai mwaka 1913, akakuta mifupa mingi ya wanyama na kiunzi kizima cha binadamu, lakini zana za mawe hakuziona. Mwaka 1931 Leakey alifunga safari kutoka Nairobi akamchukua Reck awe mwenyeji wake. Njiani wakapinga: Leakey aliweka paundi 10 kwamba zana zingepatikana kabla ya kupita siku moja tangu kufika. Zilipatikana. Reck alikuwa akitafuta mawe ya aina iliyotumika Ulaya, na Oldupai zana zimechongwa kwa mawe ya volkano, hivyo alikuwa akizitembelea juu yake bila kuziona.

Katika mifupa iliyotoka Oldupai ilikuwemo nyonga ya mbuni mkubwa kuliko mbuni wa leo. Mwaka 1933 Percy Lowe, mtaalamu wa ndege wa Uingereza, alimtangaza kuwa ndege wa aina iliyokwisha kutoweka akamwita Struthio oldawayi. Vijana wanaosoma biolojia watanisaidia kulieleza jina hili kwa wengine. Neno la kwanza ni la ukoo mpana, la pili ni la aina yenyewe, na mtindo huo tulirithi kwa Linnaeus wa Sweden. Jina huhesabiwa tangu siku lilipochapishwa pamoja na maelezo ya mfupa unaolibeba. Likishaingia daftarini, tahajia yake ya kwanza hulindwa. Ndiyo maana mbuni wetu ni wa oldawayi, na nyati mwenye pembe ndefu ambaye Reck alimpa jina mwaka 1928 ni Pelorovis oldowayensis, kwa herufi tofauti, na wote wawili wamekosea neno la Kimaasai. Mimi mwenyewe jina langu la ukoo liliwahi kuandikwa vibaya na ofisi moja, nikalihangaikia miaka mitatu mpaka likarekebishwa. Mbuni huyo hana ofisi ya kwenda.

Miaka ile ya 1930 ilikuwa migumu kwa Leakey, na kosa lilikuwa lake. Kwanza aliungana na Reck kutangaza kwamba kile kiunzi cha mwaka 1913 kilikuwa cha kale sana; baada ya muda ikathibitika kwamba kilikuwa kaburi la mtu wa karibuni zaidi lililochimbwa ndani ya udongo mkongwe. Kisha likaja jambo la Kanam, magharibi ya Kenya. Mwaka 1932 mmoja wa watu wake, Juma Gitau, alipata pale kipande cha taya. Leakey hakungoja. Akatangaza kwamba ni babu wa kweli wa binadamu na akampa jina, Homo kanamensis. Profesa Percy Boswell, mtaalamu wa miamba, alikuja mwaka 1935 kuthibitisha. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali. Vigingi vya chuma alivyoviweka vilikuwa vimeng'olewa na watu wa pale kwa matumizi yao, na picha zilikuwa zimeharibika. Boswell akarudi na kumwandika vibaya katika jarida la sayansi, na Cambridge ikamfungia milango. Jina la Homo kanamensis halikusimama. Wapo wanaosema Boswell alimwonea. Nadhani hapana. Ukidai kiwanja lazima ujue mipaka yake.

Wakati huo huo nyumba yake ilivunjika. Mkewe wa kwanza, Frida, aliachana naye mwaka 1936, na mwishoni mwa mwaka huo Leakey akamwoa Mary Nicol, mchoraji kijana wa zana za kale. Mary hakuwa na shahada, lakini kwa subira, uangalifu na jicho la kuona, alimpita mumewe, na yeye mwenyewe Louis alilijua hilo. Wazee wa hapa wana sababu ya kumkumbuka Mary zaidi: mwaka 1951 alikaa Kolo na Kondoa miezi kadhaa akinakili michoro ya miambani, ile ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Barabara ya kwenda huko inapita Babati.

Vita Kuu ya Pili ilimkuta Leakey akifanya kazi ya upelelezi wa serikali, na baada ya vita akawa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi kwa mshahara mdogo. Likizo walizitumia kuchimba. Mwezi Oktoba 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, Mary aliona jino likichungulia kwenye mteremko, na nyuma ya jino lilikuwapo fuvu la nyani mkubwa wa kale, Proconsul. Jina hili lina kichekesho chake. Lilitolewa mwaka 1933 na Arthur Hopwood wa Makumbusho ya Uingereza kwa mifupa ya Koru, na maana yake ni aliyemtangulia Consul. Consul alikuwa sokwe maarufu aliyewaburudisha watu Uingereza. Hivyo kiumbe aliyeishi Nyanza miaka mingi kabla ya kuwako binadamu yeyote alisajiliwa kwa kufuata sokwe wa maonyesho.

Kando ya Leakey katika safari karibu zote alikuwapo Heselon Mukiri, Mkikuyu wa Kabete. Heselon hakusoma chuo. Alijifunza kazini, akawa mtu anayeweza kuutazama mteremko wa mawe elfu akauokota mfupa mmoja. Leakey alimsifu katika vitabu vyake, alimwamini na alimtegemea. Lakini katika miaka yote waliyokuwa pamoja, jina la sayansi hakumpa. Mwaka 1962 alipotangaza nyani mwingine wa kale kutoka Fort Ternan alimwita Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya Fred Wicker, mwenye shamba. Heselon alikuwa mmoja wa wachimbaji katika shamba hilo hilo.

Habari nyingine inabidi isemwe, maana kumwandika mtu nusu si kumwandika. Leakey aliwapenda Wakikuyu, aliandika kitabu kikubwa cha mila zao kilichochapwa mwaka 1977 baada ya kufa kwake, na alidai ardhi yao irudishwe angalau kwa sehemu. Hata hivyo vita vya Mau Mau vilipoanza alisimama upande wa serikali ya kikoloni. Katika kesi ya Kapenguria ya Jomo Kenyatta aliwekwa kuwa mkalimani wa mahakama. Wakili wa Kenyatta, D. N. Pritt, alimpinga kwamba anapendelea, na Leakey akajiondoa. Mwana wa kipanga alikuwa na lugha ya watu wale kikamilifu, na bado hawakumwamini kuwasemea. Sidhani kuna sehemu ya maisha yake yenye uchungu zaidi ya hiyo.

Sasa twende mwaka 1959. Tarehe 17 Julai Leakey alikuwa amelala kambini Oldupai na homa. Mary alitoka na mbwa wake wawili, akafika mahali panapoitwa FLK, akaona mfupa umetokeza udongoni, na alipoufuta vumbi akaona meno makubwa mawili. Alirudi kambini kwa gari mbio, na mgonjwa akaamka. Siku zilizofuata walichekecha udongo mpaka wakapata mamia ya vipande, Mary akaviunganisha kimoja kimoja.

Herufi FLK zinataka maelezo, kwani nusu yake ni Kiswahili. K ni korongo. Makorongo mengi ya Oldupai yaliandikwa hivyo: MNK ni korongo la Mary Nicol, TK ni Thiongo Korongo, na FLK ni Frida Leakey Korongo. Kwa hiyo mke wa pili alilikuta fuvu lililoipa nyumba yao sifa ya dunia katika korongo lenye jina la mke wa kwanza. Hawakulibadilisha, nami nawasifu kwa hilo. Neno letu korongo sasa limo katika maandishi ya wataalamu wa kila taifa, na wengine hulitumia bila kujua kwamba ni Kiswahili.

Jina la fuvu lilitolewa na Louis mwezi Agosti mwaka huo huo: Zinjanthropus boisei. Zinj alilichukua kwa wanajiografia wa Kiarabu wa zamani, waliouita hivyo upwa wetu wa Afrika Mashariki. Ni shina lile lile lililomo katika jina la Zanzibar. Anthropus ni mtu kwa Kigiriki. Boisei ni shukrani kwa Charles Boise, tajiri wa London aliyetoa fedha za uchimbaji. Kwa jina moja Leakey alilipa deni lake na papo hapo akaipa nchi yetu nafasi katika daftari la wanadamu. Mwaka 1961 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walipima majivu ya volkano yaliyofunika fuvu, kwa njia ya kupima gesi ya agoni inayozaliwa polepole na potasiamu iliyomo ndani ya mawe. Umri ukatoka miaka milioni 1.75. Leakey mwenyewe alikuwa amekisia miaka 600,000. Safari hii alikuwa amekosea kwa kupunguza.

Lakini wataalamu walisema upesi kwamba jina Zinjanthropus limezidi. Fuvu lile, walisema, ni ndugu wa mafuvu yaliyokwisha kupatikana Afrika Kusini na kuitwa Paranthropus. Kanuni ni kwamba viumbe wawili wakionekana kuwa wa ukoo mmoja, jina lililotangulia kuchapishwa ndilo hukaa. Kwa hiyo Zinjanthropus liliondolewa, na kwa wengi kiumbe huyo leo ni Paranthropus boisei. Tazameni matokeo yake. Zinj, lenye nchi yetu ndani yake, lilianguka. La tajiri wa London ndilo lililobaki, kwa kuwa jina la aina halifuati la ukoo kaburini.

Mwaka uliofuata, mtoto wao Jonathan alipata karibu na hapo taya na vipande vya fuvu la kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa kuliko Zinj na meno madogo. Louis aliona huyu ndiye mwenye zana. Mwaka 1964, pamoja na Phillip Tobias na John Napier, alimtangaza kuwa Homo habilis. Neno habilis, yaani mstadi, lilipendekezwa na Raymond Dart wa Afrika Kusini. Ubishi ulikuwa mkali, maana kipimo kilichokubaliwa cha ubongo wa mtu kilikuwa sentimeta za ujazo 750, na hawa watatu wakakishusha mpaka 600 ili huyu aingie. Wengi walisema Leakey amerudia ya Kanam. Hakurudia. Safari hii mahali palijulikana, miamba ilipimwa, na jina limekaa mpaka leo.

Mambo mengine nitayapita haraka. Ni Leakey aliyemtuma Jane Goodall Gombe mwaka 1960 kuwatazama sokwe, wakati ambapo binti huyo hakuwa na shahada yoyote, kisha akamtuma Dian Fossey kwa masokwe wakubwa wa milimani, na Biruté Galdikas akaenda kwa nyani wa Borneo. Katika miaka yake ya mwisho aliishi mbali na Mary, akisafiri Marekani kutoa mihadhara na kutafuta fedha, mwili ukiwa umechoka. Alikufa kwa moyo mjini London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru, karibu na wazazi wake. Mjerumani mmoja, Heberer, alikuwa ametaka fuvu jingine la Oldupai liitwe Homo leakeyi. Jina hilo halikukubaliwa.

Baada ya kifo chake daftari liliendelea kuandikwa. Mwaka 1993 wataalamu walichunguza upya mifupa ya Rusinga wakaona kwamba nyani wa pale si wa aina ile ya Koru, hivyo alihitaji jina lake. Wakamwita Proconsul heseloni. Lile fuvu la mwaka 1948, alilolipakata Mary ndani ya ndege kwenda London, ni la Heselon Mukiri kwa jina. Mwaka 2015 sehemu ya kwanza nayo ikabadilishwa, sokwe wa maonyesho akatolewa, na mahali pake likawekwa neno la Wasuba, watu wa kisiwa hicho, lenye maana ya nyani: Ekembo heseloni. Kamoya Kimeu, aliyeanza kama kibarua wa Leakey na mwaka 1964 akapata taya la jamaa wa Zinj huko Peninj, Ziwa Natron, alipewa Kamoyapithecus mwaka 1995, naye alikuwa hai kulisoma.

Kiswahili kimeingia pia, na si kwa herufi K peke yake. Yupo Asilisaurus kongwe wa mwaka 2010. Yupo Shingopana wa Songwe wa mwaka 2017. Na vijana wa hapa watapenda kusikia kwamba mwaka 2019 alitangazwa mjusi mkubwa aitwaye Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa sababu pingili moja ya mkia wake ina umbo la moyo. Msianze kushangilia: Mtuka huo ni mto wa kusini magharibi, katika bonde la Rukwa, wala si Mutuka yetu.

Fuvu la Zinj lilirudishwa Tanzania mwaka 1965 na linahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Anayekwenda Oldupai huonyeshwa nakala. Katika njia panda ya kuingilia bondeni, ukitoka Ngorongoro kwenda Serengeti, pamejengwa tangu mwaka 2019 sanamu ya mafuvu mawili makubwa, la Paranthropus boisei na la Homo habilis. La kwanza watu bado huliita Zinj.